Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayehariri video za harusi

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Nimeitazama video yako yote, tangu msafara wa magari ulipoondoka Kondele hadi keki ilipokatwa kule Dunga, na upigaji picha wako sina la kuukosoa. Kinachonikera ni muziki, kwani haukupumzika hata bibi harusi alipokuwa akimwambia mamake maneno ambayo ukoo mzima ulitamani kuyasikia. Ndiyo maana nakuomba uwasikilize watunzi wa zamani wa muziki wa filamu.

Anza na Bernard Herrmann. Alipotunga muziki wa Psycho, filamu ya mwaka 1960, aliacha tarumbeta na ngoma zote akabaki na ala za nyuzi peke yake, kwa hoja kwamba picha zisizo na rangi zilihitaji sauti ya namna hiyo. Alfred Hitchcock, mwelekezi wa filamu hiyo, alikuwa ametaka mauaji ya bafuni yasiwe na muziki wowote, lakini Herrmann aliutunga hata hivyo, na mwelekezi alipousikia akabadili nia: fidla zinapiga sauti moja kali ya juu, tena na tena, nyingine zikidakia chini yake, basi. Sisi tuliokua tukisikia orutu, fidla ya Kijaluo yenye uzi mmoja tu, tunajua uchache si umaskini.

Ennio Morricone naye utamtambua kwa mluzi, mjeledi na gitaa la umeme.

Anayenigusa zaidi ni John Barry, Mwingereza aliyepata Oscar kwa filamu mbili zilizopigwa hapa Kenya, Born Free ya 1966 na Out of Africa ya 1985. Hiyo ya pili haina hata nyatiti moja, kinubi chetu cha Kijaluo, katika muziki aliotunga, jambo ambalo mimi bado halijanikalia vizuri, ila ndege ile ndogo inaporuka juu ya Bonde la Ufa na heroe wakatimka ziwani, fidla zinaimba polepole kwa pumzi ndefu, baragumu zikiitikia kwa chini, na wahusika hawasemi kitu. Barry alijua pia kukaa kando wahusika wakizungumza, na hapo ndipo wewe unapokosea.

Kwa hiyo, katika harusi ya Jumamosi, viapo na hotuba za wazazi ziache zisikike zenyewe, uweke wimbo mmoja kwenye msafara, kisha unitumie kabla hujamkabidhi mteja.

Ni mimi mjomba wako,
Kisumu