Kitovu kimekauka, mama mkwe anasema mtoto amepona, na mi nina tarehe ya opresheni

Habari zenu dada wa ushauri na wasomaji wenzangu, wakubwa shikamooni. Naomba mnifichie jina maana mawifi zangu nao wanasoma hapa. Mi ni mama wa watoto wawili, niko Morogoro, ni fundi cherehani, baba watoto ni dereva wa malori anaenda Tunduma anavuka mpaka Zambia, kwa hiyo mwezi mzima naweza kumuona siku tano sita tu, mengine yote tunaongea kwa simu na ndo hapo shida ilipo.

Shida yenyewe ni kitovu cha mwanangu wa pili, wa kiume, ana miezi 8 sasa. Alizaliwa vizuri, kilo 3.2, kitovu kikadondoka siku ya 11, mama mkwe akashukuru Mungu hakikumuangukia kwenye kidudu (mnajua imani zetu), tukajua yamekwisha. Wapi. Kidonda kikagoma kukauka. Kila nikimfunua nakuta fulana imelowa duara dogo kama la shilingi, na katikati ya kitovu kuna kinyama chekundu kinang'aa kama punje ya komamanga. Kliniki wakakichoma na silva naitreti, wiki iliyofuata wakarudia, bado kunalowa tu. Zahanati ya mtaani nesi akaniambia namuogesha kwa maji mengi, siku nyingine akasema ni jasho, jasho la kitovuni jamani! Mama mkwe naye akaja na majivu ya kifuu na mafuta ya nazi, yeye anapaka mi nikirudi kazini nafuta, tukaenda hivo hivo bila kusemeshana.

Siku moja jioni namuogesha, alikuwa na kama miezi miwili, maji yakamkera akalia ile ya kukaza mwili mpaka sauti inakata, nikaona tone linachomoza kitovuni, likajaa, likateleza ubavuni. Nikafuta na tishu. Akalia tena, likatoka lingine. Nikanusa ile tishu, mkojo. Nikamuita mama mkwe anuse na yeye, akanusa, akakaa kimya, alafu akaniambia hili tusimwambie mtu.

Kesho yake asubuhi nikaenda hospitali kubwa. Wakampiga altrasaundi, daktari akanigeuzia kioo akanionesha mstari mweusi mwembamba unaanzia juu ya kibofu unapanda mpaka kitovuni, akasema huo unaitwa urakasi. Kumbe kila mtoto akiwa tumboni anakuwa nao, ni kijia kati ya kibofu na kitovu, na kabla hajazaliwa kinatakiwa kijifunge kibaki kama kamba tu. Kwa wengine kinabaki wazi chote ndo hao mkojo unatokea kitovuni, kwa wengine kinajifunga juu na chini alafu katikati panabaki kifuko cha maji ambacho mtu anaweza kukaa nacho miaka bila kujua, na wengine kinafunga upande wa kibofu tu, kitovu kikabaki kinachuruzika. Mi kwa ufundi wangu nilielewa haraka, ni mshono uliosahaulika kufungwa. Nikamuuliza kama ni ule udongo niliokuwa nakula mimba ikiwa changa, maana wifi mkubwa kashanirushia hilo neno mara mbili, daktari akacheka, akasema urakasi haujui habari za udongo, ila udongo wenyewe niuache kwa ajili ya damu yangu.

Wakamuangalia na figo, alafu wakampitishia mpira mdogo chini, wakajaza dawa kwenye kibofu wakapiga eksirei huku anakojoa, sitasahau kile kilio. Walisema kwa watoto wa kiume wakati mwingine njia ya chini imeziba ndo mkojo unatafuta pa kutokea juu, kwa hiyo lazima wajue kabla hawajagusa chochote. Njia yake ikakutwa nzima. Basi tukaambiwa tusubiri kidogo kwanza, maana kwa vichanga hicho kijia mara nyingi kinajifunga chenyewe ndani ya miezi sita hivi ya mwanzo, tukiona wekundu, uvimbe au homa tukimbie.

Hatukufika huko. Miezi minne na nusu usiku mtoto akawa wa moto, asubuhi chini ya kitovu pamevimba pagumu kama limao, ukimgusa anapiga ukunga, joto 39. Tulilazwa siku sita, dripu na sindano, wakamfungulia kidogo ukatoka usaha kwenye beseni la chuma, harufu yake nikiikumbuka hata sasa nashindwa kula. Usaha wakauotesha maabara wakasema ni bakteria anaitwa stafilokokasi, wakabadilisha antibayotiki ndo homa ikashuka. Nikauliza kwa nini msiukate huo mrija hapohapo tumalizane, daktari wa upasuaji wa watoto akasema pakiwa na usaha kila kitu ndani kimevimba na kushikana, hata utumbo unaweza kuguswa kwa bahati mbaya, ni bora patulie wiki kadhaa ndo uondolewe.

Sasa patulivu ndo pakaleta balaa. Kitovu kimekauka kabisa jamani, ukikiangalia huwezi amini kama ni kilekile. Mtoto anakula uji, anatambaa, ananivutia vitambaa chini ya cherehani. Ila altrasaundi ya wiki tatu zilizopita imeonesha kwa nje pamefunga lakini ndani mrija upo na una kifuko cha sentimita 2. Daktari kasema kukauka kwa ngozi siyo kupona, na kwa kuwa ulishatunga usaha mara moja unaweza kutunga tena. Opresheni yenyewe wanapasua kidogo chini ya kitovu, wanatoa mrija wote pamoja na kipande kidogo cha kibofu pale ulipoanzia, wanashona, anakaa na mpira wa mkojo kama wiki moja hivi. Tumepewa tarehe 18 mwezi ujao.

Nikampigia baba watoto akiwa foleni ya mpakani. Neno lake la kwanza, mtoto anacheka, anakula, kitovu kikavu, tunampasulia nini? Kumbe mama yake alishampigia kabla yangu. Mama mkwe anasema ukigusa kitovu cha mtoto wa kiume umegusa uanaume wake, hatakuja kuzaa. Nilimuuliza daktari hilo, nikiona aibu kweli, akanichorea kwenye karatasi, mrija unapita juu ya kibofu kwenda kitovuni, vitu vya uzazi viko chini huko havikutani. Ile karatasi nimempa mama mkwe, kaikunja kaiweka kwenye Biblia yake, hajasema kitu mpaka leo.

Na nisije nikamsema vibaya, huyu mama zile siku sita wodini alilala chini kwenye kitenge, ndo aliyekuwa anambeba mtoto mi nikipitiwa na usingizi. Anampenda. Ndo maana nashindwa kugombana naye.

Kosa langu lingine, niliingia Google usiku nikakuta habari za saratani kwenye huo mrija, nikamtumia mume wangu nikidhani atashtuka akubali. Badala yake akasema kumbe hofu zote unazitoa mtandaoni. Daktari naye kanipoza, kasema saratani hiyo ipo lakini ni nadra sana na ni ya watu wazima, kinachotusukuma sisi sasa hivi ni usaha kurudi. Nimejiharibia mwenyewe.

Na niseme ukweli, hata mi naogopa nusu kaputi. Nimeambiwa nisimnyonyeshe masaa manne kabla, huyu mtoto hajawahi kukaa masaa manne bila ziwa akiwa macho, nitamshikaje? Nawaza yule anayeondoka mikononi mwangu analia, na nikiwa peke yangu pale kwenye benchi, mume yuko barabarani na mama mkwe amenuna. Hela nayo ni kama faida yangu ya miezi mitatu, nimeshaweka nusu, hiyo nitapambana nayo.

Nesi kaniambia mama peke yake naweza kusaini fomu. Naweza, lakini Mungu apishie mbali likitokea lolote nitakuwa mi ndo niliyemuua mtoto wa watu, na hata akipona nitakuwa mke aliyempita mume wake. Wenye watoto waliofanyiwa hii naomba mniambie walikaaje baada ya hapo, mpira mliushughulikiaje mtoto asiuvute, na kuna aliyeendelea kusubiri baada ya usaha kutoka mara ya kwanza ikawaje? Na wenye mama wakwe kama wangu, mlianzia wapi, niende naye kwa daktari asikie mwenyewe au nimngoje mume arudi tarehe 9 tukae wote watatu?

Nijibuni mapema jamani, maana kuna mzee Handeni anasifiwa kwa vitovu, na jana mama mkwe karudi kutoka stendi na tiketi mbili za basi la Jumamosi, yake na yangu.