Tunaandika, ila miswada haisomwi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa karani wa shamba la mkonge, na sijawahi kuandika barua kwenye ukurasa huu. Lakini habari mliyoitoa wiki mbili zilizopita, kwamba Watanzania hawaandiki vitabu vya mambo ya kweli kwa Kiswahili kwa sababu ni wavivu wa kutafiti na wanachopenda ni hadithi tu, imenikosesha usingizi. Aliyeyasema hayo mmemwita mdau wa uchapishaji. Mwandishi wenu alipaswa kumwuliza swali moja: miswada inayoletwa ofisini kwenu, nani anaisoma?

Wangu haukusomwa, na ushahidi ninao.

Nimeandika kitabu kuhusu manamba, watu walioletwa kutoka Ubena, Uha, Unyamwezi na hata Msumbiji kuja kukata mkonge mkoani Tanga. Habari ya Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na mwaka 1893 ikafika hai 62 tu, kila mtoto wa huku kwetu anaweza kukusimulia. Kwamba mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za katani, hilo nalo limo vitabuni. Lakini waliozikata tani hizo walikula nini, walilala wapi, kwa nini wengi wao hawakurudi kwao hadi wakazikwa ugenini, hayo mimi sijayakuta popote kwa lugha wanayoisoma wajukuu wao. Nilianza kuwahoji mwaka 2007, walipokuwa wamebaki wachache. Nilijaza madaftari 23. Mzee mmoja aliyekuwa akilisha majani kwenye mashine ya korona, ile ya kukamua majani yabaki nyuzi, alinipa kiganja chake cha kulia, kimejaa makovu ya miba ya nchani mwa jani la mkonge, akataka niyaguse moja moja nikihesabu kwa sauti, kwa sababu yeye alikuwa haoni tena. Tulipofika 19 akapitiwa na usingizi, mkono wake ukiwa bado mkononi mwangu. Mtu aniambie kama huo ndio uvivu wa kutafiti.

Mswada ulipokamilika ulikuwa na kurasa 240. Mke wangu aliufunga kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, akapiga fundo lake la kufungia mizigo ya sokoni, fundo alilofundishwa na mama yake ambalo sijamwona mtu mwingine akilipiga. Nikapanda basi, nikaupeleka kwa mikono yangu kwa mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam. Simtaji. Kila nilipopiga simu niliambiwa, "Mzee, uko kwa wasomaji wetu, vuta subira." Nikavuta subira miezi 14. Mwezi wa 15 niliitwa kwenda kuuchukua, na juu yake barua ya mistari minne: mada ni nzuri, lugha inahitaji kunolewa, masimulizi ya sura za katikati yanachosha, wanunuzi wa vitabu vya namna hii hawapo, na je, siwezi kuufupisha uwe kitabu cha ziada cha shule ya msingi? Nilifika nyumbani usiku. Mke wangu akauweka mezani, akasogeza taa, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mzee, hili fundo langu. Hawajalifungua." Nilisogea nikaangalia mwenyewe. Fundo lilikuwa lile lile, na kamba ilikuwa imeacha alama kwenye karatasi ya juu mahali pale pale ilipokaa siku ya kwanza. Sura za katikati zinachosha! Walizionaje? Niliona haya mbele ya mke wangu kama vile kosa ni langu, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikimwambia kila mwezi kwamba kazi yetu inasomwa na watu wenye elimu.

Nikaenda kwa wa pili. Huyu alikuwa mwepesi, hakuuliza hata kitabu kinahusu nini. Alitaka Sh 4,500,000 kwa nakala 500, mwandishi alipe yote mapema. Nilitoa kwenye kiinua mgongo changu. Prufu, yaani nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa, sikuonyeshwa, msahihishaji hakuwepo, makosa yangu ya chapa yaliingia kitabuni kama yalivyotoka kwenye kompyuta yangu. Maboksi yalipofika Muheza nikafungua nakala ya kwanza kwa furaha, nikaipeleka hadi katikati. Ukurasa wa 81 hadi wa 96 umo mara mbili. Ukurasa wa 97 hadi wa 112 haumo kabisa. Bunda moja la kurasa 16 lilikusanywa mara mbili na lingine likasahaulika, na hakuna mtu pale kiwandani aliyefungua hata nakala moja kabla ya kupiga gundi. Zilizosahaulika ndizo kurasa zenye majina ya wazee 41 walionisimulia, kijiji alikotoka kila mmoja na mwaka alioingia shambani. Wengi wao wamekwisha kufa. Nilipolalamika nikajibiwa kwamba wao ni wachapaji tu, yaliyomo ni juu ya mwandishi. Mbona kwenye jalada la nyuma wameandika "mchapishaji"?

Hapo ndipo penye donda, Mhariri. Kuchapa na kuchapisha ni kazi mbili. Kuchapa ni wino, karatasi na gundi. Kuchapisha ni kuusoma mswada, kumbana mwandishi pale anapodai jambo bila ushahidi, kumrudishia sura aiandike upya, kutafuta pesa, kukipeleka kitabu dukani na kumpa mwandishi mrabaha, yaani fungu lake la mauzo. Nchi imejaa wanaofanya kazi ya kwanza huku wakijiita kwa jina la kazi ya pili. Na wale wanaojua kuchapisha kweli wengi wao wameyaelekeza macho kwenye vitabu vya shule, maana huko ndiko kwenye mnunuzi wa hakika. Siwalaumu kwa kutafuta riziki, ila wasitusingizie uvivu.

Tena wasituambie kwamba Kiswahili hakina mazoea ya vitabu vya namna hii. Mwandishi wenu angefika Magila, hapa hapa Muheza, angeambiwa kwamba misheni ilichapa pale Habari za Wakilindi, historia ya watawala wa Usambara iliyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi. Ilitoka kwa sehemu, na ilikamilika zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1962 shirika la East African Literature Bureau likaitoa tena Nairobi. Zamani zile, kabla ya kompyuta, mtu alikaa akausoma mswada wa Mswahili akaona unafaa. Leo tuna kompyuta na fundo la katani limewashinda.

Kuhusu wanunuzi ambao eti hawapo: mwaka jana nilikwenda stesheneri moja ya Korogwe kutoa nakala za zile kurasa 16, nichomeke kwenye vitabu vilivyobaki. Kwenye kaunta nikakikuta kitabu changu kimetolewa fotokopi na kutiwa waya wa mduara, kinauzwa Sh 6,000. Mimi nakiuza Sh 12,000, na katika hizo Sh 9,000 ni gharama ya kukichapa tu. Kijana wa kaunta hakunijua. Aliziona karatasi nilizoshika, akaniambia, "Shikamoo babu, kumbe unazo za katikati? Wanachuo wananiulizia kila siku." Nilikasirika hadi mikono ikanitetemeka. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, lakini naomba mnionyeshe stesheneri moja ya jirani na chuo inayoiogopa. Wakati huo huo nilijua kwamba yule mchapishaji alinidanganya: wasomaji wapo, na wanakitafuta hadi kipande kilichopungua.

Napendekeza hivi. Kila mchapishaji anayepokea mswada atoe risiti yenye tarehe, na ndani ya siku 90 arudishe ripoti ya kurasa mbili inayotaja walau sehemu tano za mswada kwa namba za kurasa, ijulikane kwamba umefunguliwa. Gharama ya msomaji nitalipa mimi mwandishi, hata Sh 50,000, ili mradi msomaji awepo. Serikali nayo inunue nakala 5 za kila kitabu cha mambo ya kweli cha Kiswahili kilichopita kwenye ripoti hiyo, kwa ajili ya maktaba ya kila mkoa. Mikoa ni 31, hivyo nakala 155. Kwa bei ya kitabu changu ni Sh 1,860,000 tu. Mradi wa vitabu vya watoto ulioanza mwaka 1991 ulifanya hivyo, ukawa unanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni, na wachapishaji wakapata ujasiri wa kutoa hadithi za Kiswahili. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imewapa moyo watunzi wa riwaya na mashairi, nami nawapongeza. Wafunguliwe mlango pia wanaoandika yaliyotokea.

Wasomaji wenu walionunua kitabu changu cha manamba na kukuta kurasa zimejirudia, naomba waache anwani zao ofisini kwako. Zile kurasa 16 zenye majina ya wazee nimezichapa upya, nitawatumia bila malipo.

Karani mstaafu wa shamba la mkonge,
Muheza, Tanga