Usiliuze gitaa kabla hujaimaliza barua hii

Kwako swahiba Idi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mama anakusalimu, anauliza kama bado unakesha. Tumenyamaziana muda mrefu. Lawama tugawane nusu kwa nusu kisha tuziache, maana nina haraka.

Zuhura kanipigia jana usiku akaniambia unatafuta mteja wa gitaa. (Alinikataza nisimtaje, kwa hiyo hukusikia kwangu.) Nikadhani ananitania. Akasema la, umeshalipiga picha, umeshalibadilisha nyuzi, na pesa utakazopata unataka kununua ile sinthesaiza ya kompyuta, programu ya kutengeneza sauti za ala, ambayo kila prodyuza siku hizi anaitaja. Gitaa lile, Idi? Ningekupigia simu, ila najua ungenikatiza kila neno la pili.

Sinthesaiza, sinthi kwa ufupi, siikatai. Ninachokataa ni kutoa gitaa kwa kitu ambacho ndugu zake wapo bure, tena bure halali.

Anza na Surge XT. Zamani Surge ilikuwa bidhaa ya kuuzwa, ya Vember Audio. Mwaka 2018 mwenyewe akaiachia iwe programu huria, msimbo wake wazi kwa wote, na tangu hapo watu wa kujitolea wameinoa mpaka imeota meno. Unapakua, unasakinisha, umemaliza. Hakuna siku za majaribio wala mlio wa kukukumbusha kulipa katikati ya wimbo. Iko ya Windows, ya Mac na ya Linux. Wengi huikimbia kwa sababu uso wake umejaa vitufe; mimi ndiyo maana naipenda, hujafichiwa kitu. Na besi zake, bwana, utaniambia mwenyewe.

Halafu kuna Vital, ya Matt Tytel, iliyotoka mwaka 2020. Hiyo inakuonyesha wimbi la sauti likijikunja mbele ya macho yako unapozungusha kitufe, kwa hiyo unajifunza huku unacheza. Wanaolipia wanapata zaidi sauti zilizotengenezwa tayari na mawimbi ya nyongeza. Mashine yenyewe ya bure ni ileile. Ubaya wake inakula kompyuta. Kama laptopu yako ni ile iliyokuwa ikinguruma tukifungua nyimbo mbili, anza na Synth1 ya Ichiro Toda, iliyofuata mfano wa Nord Lead 2, sinthi ya kinanda halisi. Sura yake ya kizamani, lakini nyepesi mno.

Na ile sauti ya kinanda cha umeme ya miaka ya 1980, ambayo ukiisikia unafumba macho na kuharibu kila wimbo kwa kuimba? Hiyo ilitoka sana kwenye sinthi ya kinanda ya Yamaha DX7, iliyotoka mwaka 1983. Programu ya bure inayoiiga inaitwa Dexed, na inasoma mafaili yaleyale ya sauti za DX7, sauti 32 kwa kila fungu. Kuitengenezea sauti mwenyewe ni kazi ya kupasua kichwa, maana mawimbi yanatikisana badala ya kuchujwa. Usijisumbue, tumia zilizopo.

Mpaka hapa hujatoa hata senti. Gitaa bado liko ukutani. Tuendelee.

Zuhura pia kasema kuna jamaa kakuahidi ile sinthi ya bei kwenye flashi, ikiwa imeshavunjwa kufuli. Sijui kipi kinanikera zaidi, hicho au mambo ya gitaa. Programu inayoanza kwa kukutaka uzime kinga ya virusi imeshakueleza nia yake. Kazi zako zote ziko kwenye kompyuta hiyo moja, na najua hujawahi kuweka nakala mahali pengine. Mrudishie flashi yake na umshukuru.

Kuna mtego mmoja ambao huwarudisha watu nyuma wakidhani vya bure ni vibovu. Hizi sinthi ni plagini, zinaishi ndani ya programu ya kurekodia, na si kila programu inazipokea zote. LMMS ni ya bure na ni nzuri kwa kupanga biti, lakini plagini za muundo mpya wa VST3 haifungui, na Surge XT haiji kwa muundo wa zamani wa VST2. Utaitafuta humo mpaka ukasirike. Ukibaki na LMMS, tumia sinthi ya ZynAddSubFX, imo ndani yake tayari. Ukitaka Surge, chukua Waveform Free ya Tracktion, au Reaper ambayo inakupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni yake si ya kumtoa mtu roho. Ukiwa na haraka tu ya kusikia, Surge, Vital na Dexed zote zinafunguka peke yake bila programu nyingine.

La pili ni kuchelewa kwa sauti. Utabonyeza kinanda na noti itakuja baadaye, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Sinthi haina kosa hapo. Ni bafa, kile kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kwanza kabla ya kukitoa. Ukiweka sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1024 kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo bafa peke yake ni karibu milisekunde 23. Ukishusha hadi 256 inabaki karibu 6. Kwenye Windows weka kwanza ASIO4ALL, dreva (programu ya kuendesha kadi ya sauti) inayopunguza kuchelewa, nayo ni bure, kama kadi yako ya sauti haikuja na dreva yake ya ASIO. Ukishusha bafa na sauti ikaanza kukwaruza, punguza sauti zinazorundikwa kwenye noti moja, kile kitufe cha unisoni ambacho watu hukipandisha mpaka juu kisha wanashangaa. Sinthi zikizidi ndani ya wimbo mmoja, zigeuze sauti za sinthi kuwa odio ya kawaida, kompyuta ipumue.

Nilikuwa nataka kusema kitu kuhusu filta... nitakumbuka.

Ndiyo! Chukua moja. Moja tu. Fungua ile sauti tupu isiyo na pambo, wimbi moja lenye umbo la meno ya msumeno, kisha cheza na filta (inayochuja sauti) na envelopu (inayopanga noti inavyopanda na kufifia) mpaka ujue kila moja inafanya nini. Wenye plagini mia nawajua, akiwemo shemeji yako, na wimbo mmoja uliokamilika hawana. Na ile sinthi unayoitamani, nusu ya utamu wake unaousikia ni mwangwi, kompresa ya kusawazisha nguvu ya sauti na masikio ya aliyemiksi.

Ukiona lazima ununue kitu, subiri Novemba, wauzaji wengi wa plagini hushusha bei wakati huo. Na kabla ya hapo fungua lile boksi la kinanda ulichoachiwa na kaka yako. Vinanda vingi vya MIDI (vile vinavyotuma noti kwenye kompyuta, si sauti) huja na karatasi yenye namba za leseni za matoleo madogo ya programu, na watu huzitupa na boksi. Kama ilishasajiliwa basi, lakini itazame.

Sasa sikia ninalokuombea masikio. Surge XT inakuja na plagini ya pili, Surge XT Effects. Hiyo haipigi noti. Inapokea sauti ya nje na kuipitisha kwenye mwangwi, koras ya kunenepesha sauti, mpasuko wa sauti na vokoda inayoipa sauti umbo la sauti nyingine, vile vile vilivyomo kwenye sinthi. Maana yake unaweza kuchomeka gitaa, ukapiga zile nyuzi za juu unavyojua wewe, na likatoka limevaa mavazi ya sinthi. Kitu hicho huwezi kukinunua. Mimi nina Surge, nina Vital, nina Dexed, na mkono wako wa kulia sina. Ndiyo maana nakasirika.

Hebu nijibu haya, na kwa maandishi. Mteja mwenyewe ni nani? Ameshakupa arbuni? Kompyuta yako ni ya Windows gani, ya biti 64 au ile ya zamani ya 32? Ina RAM kiasi gani? Hedifoni zinafanya kazi pande zote mbili, au bado unamiksi kwa sikio la kushoto? Ile biti ya taratibu uliyoniimbia kwenye simu, umeirekodi au imekufa? Ukiwa nayo nitumie noti zake kwa faili la MIDI, hata kama haijakamilika, nikuwekee besi ya Surge nikurudishie kabla ya Jumapili. Utanitumia lini?

Wako,
Rajabu