Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwanafunzi Alipime Jibu Lake

Ndugu wanachama, walimu wa hisabati, Assalaam alaykum.

Mwaka huu vikao vyetu vya Chake Chake, Wete na Mkoani, hapa Pemba, vilishughulika zaidi na jambo moja: kumzoesha mwanafunzi alipime jibu lake mwenyewe kabla ya kumpelekea mwalimu. Mada nyengine tulizigusa tu. Hesabu za fedha atazisoma mshika fedha.

Kwenye sehemu, kosa ni lile lile: 1/2 + 1/3 huandikwa 2/5, kwa kuwa mtoto hujumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili. Kumwambia "tafuta KDS" (kigawe kidogo cha shirika) hakutoshi. Atakariri, na wiki ijayo atarudi pale pale. Mwulizeni kwanza: 2/5 na nusu, ipi kubwa? Akiona jumla imekuwa ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo, ndipo 3/6 + 2/6 itakapomwingia. Anayeandika (a + b)² = a² + b² aweke a = 2 na b = 3: upande mmoja 25, wa pili 13. Na kwenye x² = 5x, anayegawa pande zote kwa x hulipoteza jibu la 0. Ahamishe kila kitu upande mmoja apate x(x − 5) = 0.

Somo lililotupa faida kubwa ni grafu ya saini (sine), ile ya wimbi linalopanda na kushuka, kwa maji ya bahari. Watoto wetu wanalijua bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, kabla ya kuijua trigonometria. Wakati wa bamvua, maji makubwa na madogo hupishana karibu mita 4, basi grafu hupanda na kushuka mita 2 kutoka mstari wa kati. Wengi huweka mzunguko wa saa 12 kamili, na siku ya kwanza grafu hukubali. Lakini mzunguko hasa ni kiasi cha saa 12 na dakika 25. Kwa wiki moja ni mizunguko 14, kila mmoja na kosa la dakika 25, jumla dakika 350, karibu saa 6: grafu inasema maji yamejaa, pwani yamekupwa! Tena wiki hiyo ni ya maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, hata ile mita 2 haipo. Kwa kidato cha sita, wajumlishe mawimbi mawili, la jua la saa 12 na la mwezi la saa 12 na dakika 25. Bamvua na maji mafu yatajitokeza yenyewe kwenye karatasi.

Wanachama mnaofanya utafiti, mifano mingi si uthibitisho. n² + n + 41 hutoa namba tasa kuanzia n = 0 hadi 39; kwenye 40 hutoa 1681, ambayo ni 41 × 41. Jaribuni kwanza kulivunja dai lenu. Mkishathibitisha, wekeni alama pale kila sharti la dai linapotumika. Sharti lisilotumika popote, ama halihitajiki, ama uthibitisho una tundu.

Kwa mwakani, kila mwanachama akusanye makosa ya darasa lake bila majina ya wanafunzi, na kando ya kila kosa aandike kipimo kinacholinasa. Karatasi hizo zimfikie katibu kabla ya skuli kufunguliwa.