Kukutwa Nayo: Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaolinda Mtaa Wetu, Tanga

Wanangu wa ulinzi shirikishi, Assalaam alaykum.

Nilingoja kwanza hasira zipoe, zenu na zangu. Sasa naandika, na naandika hadharani kwa sababu lililotendeka lilitendeka hadharani. Kijana kakutwa alfajiri njia ya Deep Sea anasukuma toroli, ndani mna mashine ya boti iliyofunikwa kiroba. Jua halijapanda, mbavu zimeshavimba na picha yake imeshazagaa kwenye magrupu yote ya Ngamiani. Shauri lenyewe liko polisi, silisemei. La kwangu ni lile mlilonijibu barazani: "Mzee, kakutwa nayo. Unataka ushahidi gani tena?"

Swali zuri. Nimekaa miaka mingi mshauri wa mahakama ya mwanzo, nikisikiliza ubavuni mwa hakimu habari za kuku walioibwa, mahari na mipaka ya minazi, na karibu kila shauri lilianzia hapo. Msidhani nakuja kuwaambia kwamba kukutwa nayo si kitu. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa karibuni, mahakama zetu zinaweza kumchukulia kuwa ndiye mwizi, au kaipokea akijua ni ya wizi, asipotoa maelezo yanayoingia akilini. Lakini kabla ya kufika huko, mwenye mali aitambue kwamba ni yake hasa, si inayofanana na yake, na ijulikane iliibwa lini. Mmoja wenu alinionyesha picha ya mashine ile. Bamba la namba limejaa grisi. Watu wote waliosimama pale, na wengine wana kanga na mashati mkononi, hakuna aliyelifuta akasoma.

Na maelezo yake je? Niliuliza alisema nini. Mkaniambia, "Alikuwa anabwabwaja tu." Kabwabwaja nini? Kimya. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, maana nusu ya ushahidi wenu mliitupa wenyewe.

Niwaeleze namna mahakama inavyokwenda, kwa kuwa naona hata watu wazima hulikosea jambo hili. Upande wa mashtaka huleta mashahidi wake wote, kisha hufunga. Hakimu hajahukumu bado. Hujiuliza kwanza: kwa haya niliyosikia, mshtakiwa akinyamaza kimya, je, mahakama yenye akili timamu inaweza kumtia hatiani? Ikiwa haiwezi, mtu huachiwa pale pale, hata mdomo hajafungua. Ikiwa inaweza, huambiwa ana kesi ya kujibu. Nje ya mahakama ndugu huanza kulia na jirani husema, "Kashafungwa huyo." Hapana! Ameambiwa tu kwamba sasa ni zamu yake. Wapo wengi walioambiwa wana kesi ya kujibu, wakajibu, wakarudi kwao wakala chakula cha jioni. Kipimo cha mwisho kiko juu zaidi: kosa lithibitike pasi na shaka ya maana, na shaka ikibaki ni ya mshtakiwa.

Kuna shauri la mwaka 1957, la Bhatt, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambalo mawakili hulitaja mpaka leo. Ilisemwa pale kwamba chembe ya ushahidi haitoshi kumfanya mtu ajibu, wala rundo la ushahidi mbovu halitoshi. Yaani mshitaki asije na kitu pungufu akitegemea mshtakiwa ndiye amjazie. Sisi mtaani huyakosea yote mawili. Mara twamtia mtu hatiani kwa chembe, mara twakusanya maneno mabovu kumi tukadhani yakiwa kumi yamekuwa mazuri. Lisemwalo lipo, mtasema. Basi na lisemwe mbele ya anayesemwa.

Mwenzenu mmoja akanitupia dalili ya mvua ni mawingu. Sawa, lakini sisi ni watu wa pwani. Mawingu mangapi tumeyaona yakijikusanya upande wa Pemba, tukaanua nguo, yakapita zake? Kuanua nguo ilikuwa busara. Kumsimanga jirani kwamba kalowa, na tone halijaanguka, hiyo siyo. Mlipomsimamisha kijana na kumuuliza mlifanya sawa kabisa. Sheria inampa raia nafasi ya kumkamata anayetenda kosa kubwa, amkabidhi polisi bila kuchelewa. Ngumi hazimo humo. Na Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike, sembuse huyu ambaye hata hakuwa ameshtakiwa.

Halafu kuna yule aliyeapa kwamba ndiye huyo huyo aliyemwona usiku wa juzi yake akizunguka mikokoni. Mwanangu, sikuiti mwongo. Shahidi mkweli akikosea ndiye mbaya kuliko mwongo, kwa sababu sauti haimtetemeki. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani (Waziri ni jina lake, si cheo) la mwaka 1980, ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, na ikataka maswali yajibiwe: ulimtazama kwa muda gani, umbali upi, mwanga gani, ulikuwa unamjua kabla? Wewe ulikuwa na tochi ya simu, na yeye alikupa mgongo.

Mliosoma chuoni mnaijua Surat Yusuf, na mnajua mna kanzu tatu mle; nazitaja mbili. Ya kwanza ndugu zake waliileta kwa baba ina damu, ushahidi wa kushikika mkononi, na ulikuwa wa uongo. Ya pili ndiyo inayonishangaza kila nikiisoma. Mume yuko mlangoni, mke analalamika kwamba kijana kamtaka kwa ubaya, kijana yupo mbele yao. Kwa mtazamo wa kwanza, nani angemwamini Yusuf? Akatokea shahidi wa jamaa za mwanamke mwenyewe akasema: kanzu ikiwa imechanwa mbele, mwanamke kasema kweli, ikiwa imechanwa nyuma, kijana ndiye mkweli. Kipimo kwanza, kutazama baadaye. Alikubali mapema kwamba jibu linaweza kumwangukia mtu wa nyumbani kwake. Ninyi mlitazama kwanza, kisha mkatafuta kipimo kitakachokubaliana na macho yenu. (Na bado Yusuf alifungwa, baada ya dalili zote kuonekana. Hayo tuyaache.)

Limebaki moja, nalo ni zito. Nimesikia mmepeana ahadi kwamba hakuna atakayemtaja aliyempiga kijana. Ahadi ni ahadi, sizichezei. Mwanafalsafa Mskoti, W. D. Ross wa Oxford, aliandika mwaka 1930 kwamba wajibu kama huu wa kutimiza ahadi, kulipa fadhila, kumfidia uliyemdhuru, unakubana kwa mtazamo wa kwanza, mpaka ugongane na mwingine ulio mzito zaidi mahali hapo. Bwana yule hakuijua maskani yetu, lakini kasema kweli. Kuna mtu ana PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mfukoni na mama yake anauza mihogo ili amnunulie dawa. Ahadi yenu imekutana na hilo, na hailiwezi. Lakini haifutiki hivi hivi: mwenzenu mliyemwahidi mwendeeni kwanza, mwambieni usoni kwamba mtasema, mpeni nafasi aende mwenyewe. Nami nitamsindikiza kituoni akitaka.

Nimenunua daftari, liko kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimechora safu za saa, mahali, mwanga, nani aliona nini kwa macho yake, nani aliambiwa tu, na aliyesimamishwa alijibu nini, maneno yake yeye. Zamu ya Ijumaa mlipitie baada ya Isha. Kalamu mje nazo, maana niliyoiacha pale imeshachukuliwa, na sitaki kusikia mmemkamata mtu kwa hilo.

Mzee wenu,
Tanga