Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu Kuhusu Uteuzi wa Mabaraza ya Vyuo Vikuu

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Njoro, ambako kodi ya vyumba na mauzo ya vibanda hufuata kalenda ya Chuo Kikuu cha Egerton. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya walipogoma kuanzia Septemba 2025 kwa takriban wiki saba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wao wa mishahara wa 2017 hadi 2021, lawama ziliielekea Hazina ya Kitaifa, na kwa haki. Mabaraza ya vyuo hayakuulizwa neno.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 imeyakabidhi mabaraza hayo usimamizi wa fedha, mali na ajira. Mwenyekiti huteuliwa nawe, pamoja na wajumbe watano ambao sheria inataka wapatikane kwa njia ya wazi. Wananchi tunachokiona ni majina kwenye gazeti rasmi la serikali; hatuelezwi nani waliomba, nani waliachwa, wala aliyeteuliwa ana ujuzi gani wa kukagua hesabu za taasisi yenye maelfu ya wanafunzi.

Usiri huo una gharama. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ameandika mara kwa mara kuhusu vyuo vinavyokata pesa za uzeeni na za ushirika kwenye mishahara bila kuzifikisha zinakostahili. Jambo hilo haliwezi kutetewa kwa kusema kuwa mgao wa serikali ni mdogo, kwa sababu pesa hizo ni za mfanyakazi, na baraza lililoidhinisha matumizi lilipaswa kujua zimekwenda wapi.

Usiri pia huwapa wanasiasa nafasi ya kudai "mtu wetu". Mwaka 2016 viongozi wa Uasin Gishu waliandamana hadi Chuo Kikuu cha Moi kumpinga kaimu Naibu Chansela, yaani mkuu mtendaji wa chuo, kwa kuwa hakuwa mwenyeji wa huko. Vigezo vya uteuzi vingekuwa vimechapishwa mapema, madai kama hayo yangejibiwa kwa karatasi badala ya kelele.

Kwa hiyo ninaomba, kabla ya uteuzi ujao, uchapishe vigezo na orodha ya waliohojiwa, na uagize kila baraza litangaze kila robo mwaka makato yaliyokatwa na yaliyowasilishwa. Ninaomba pia upeleke Bungeni marekebisho yatakayowapa kiti katika kila baraza la chuo mhadhiri mmoja na mwanafunzi mmoja waliochaguliwa na wenzao. (Najua viongozi wa wanafunzi nao hushawishika, ndiyo maana taarifa ya makato itangulie.)

Wako mwaminifu,
Mzazi, Njoro, Kaunti ya Nakuru