Mashine ikiruka, pimeni nyundo

Mhariri,

Msimu wa mahindi mapya ukifika hapa Makambako, simu ninazopigiwa ni za aina moja: "Fundi, mashine inaruka." Nikienda nakuta fremu ya mashine ya kusaga imewekewa vipande vya mbao chini, nati zimekazwa mpaka bolti zinakatika, beringi ni mpya. Nyundo, yaani vile vyuma vinavyozunguka ndani na kuponda mahindi, hakuna aliyezigusa.

Wenye mashine za kusaga, shida mara nyingi iko kwenye nyundo. Chukulia rota, ile sehemu inayobeba nyundo, inazunguka mara 3,000 kwa dakika, na nyundo ya upande mmoja imezidi ya upande wa pili kwa gramu 20 tu. Ikiwa iko sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, ziada hiyo huivuta shafti kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 40, tena huku na huku mara 50 kila sekunde. Beringi gani itavumilia? Na anayebadilisha puli ili rota ikimbie zaidi ajue kwamba mwendo ukiwa mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne.

Zima umeme kwenye swichi kuu, vua mkanda, kisha izungushe rota kwa mkono na uiache. Ikirudi kila mara na upande uleule chini, huo ndio mzito. Toa nyundo, zipime kwenye mizani ya dijitali, andika gramu kwa chaki juu ya kila moja. Jumla ya uzito wa nyundo za pini moja, yaani fimbo inayozishika, ilingane na ya pini inayotazamana nayo. Nyundo moja ikikatika, weka mpya pamoja na mwenzake wa upande wa pili.

Kwenu mafundi mnaokata nyundo kutoka springi za malori: kazi yenu tunaitegemea, lakini nimepima seti mpya ya mteja nikakuta moja ina gramu 412 na nyingine 447, na matundu hayajatobolewa sehemu moja. Hiyo si seti. Mashine ikitetemeka hivyo, nyundo huweza kufika kwenye chekeche, likachanika, na vipande vya chuma vikaishia kwenye unga wa uji wa watoto.

Tafadhali pimeni kabla ya kuuza, na gongeni uzito kwenye kila nyundo. Mimi niko tayari kulipa zaidi kwa seti iliyopimwa.

Fundi mitambo,
Makambako, Njombe